Msinipe Tena Dawa ya Minyoo

Mwaka wangu wa kwanza wa chuo hapa Matogoro tulilala wanne chumba kimoja. Asubuhi moja ya Julai, katika ile baridi ya Songea ya kuvaa masweta mawili, mmoja wetu akaniambia, "Mwenzetu, leo umetusagia mahindi usiku kucha." Wakacheka. Nikacheka nao, taya likiniuma. Jioni nikaenda kununua dawa ya minyoo, maana ndivyo kila mtu alivyonishauri.

Nilimeza dawa hiyo mara tatu mwaka ule. Meno niliendelea kuyasaga, hadi jino la nyuma likameguka nikila kande.

Dawa ya minyoo ni nzuri kwa minyoo. Lakini mtu mzima anayesaga meno usingizini mara nyingi ana msongo wa mawazo, au usingizi wake una kasoro, au amezidisha pombe, sigara au kahawa. Zipo pia dawa zinazochangia. Mimi nilikuwa na ada isiyolipwa, na baba aliyekuwa na magunia ya mahindi yasiyo na mnunuzi. Kumwambia mtu wa namna hiyo "una minyoo" ni kukwepa kumuuliza ana nini.

Daktari wa meno alichukua umbo la meno yangu, nikatengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Haiondoi msongo. Kazi yake ni kulika badala ya jino. Plastiki ikiisha hutengenezwa nyingine. Tabaka gumu la nje la jino likiisha halioti tena.

Mtasema hiyo ni anasa ya watu wa mjini. Ni kweli, nilikusanya fedha zake kwa miezi. Basi tukasirikie hilo: kwamba kung'oa jino ni rahisi kuliko kulilinda, nasi tumezoea hivyo hadi tunaona pengo la mtu wa miaka thelathini ni jambo la kawaida.

Wala kuitunza si kazi ya kitaalamu. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kuisuuza na maji ya moto ya chai. Ikapinda, haikuingia tena. Ya sasa naisuuza kwa maji ya baridi kila asubuhi, naisugua kwa mswaki laini, naianika ikauke, kisha naiweka kwenye kikasha chenye matundu. Kabla ya kuivaa napiga mswaki, nisifungie uchafu mdomoni usiku mzima. Nikienda kwa daktari naibeba, aangalie imelika wapi.

Kwa hiyo ukimsikia mwenzako akisaga meno usiku, usimfanye kichekesho cha asubuhi. Muulize nini kinamkosesha amani, na usikilize jibu. Kisha msindikize kwa daktari wa meno, kabla jino halijameguka.