Msomi Asijifungie Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilizaliwa mjini, mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Wanafunzi wake wa kwanza walisoma sheria, na hawakufika hata ishirini. Walipotoka darasani walikuwa wamekwisha kuwa katikati ya wananchi, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Mwaka 1964 Chuo kilihamia kilimani, maana nafasi ilitakiwa. Lakini kilima kina hatari yake: akaaye juu huzoea kuwatazama wenziwe kwa chini.

Hatari hiyo haikuchelewa kuonekana. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana kupinga sheria iliyowataka kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kupokea asilimia 40 tu ya mshahara. Walifika hata kuandika katika bango kwamba enzi za mkoloni zilikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini hakuishia hapo: alikata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana wale walipokewa tena mwaka uliofuata.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 5 Machi, 1978, wanafunzi waliandamana tena. Safari hii walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Nao wakafukuzwa.

Wako watu wanaoitumia historia hii kuwatia vijana woga. Husema: mwanafunzi akikataa kutumika hufukuzwa, akisema hufukuzwa; basi na anyamaze, ashike vitabu vyake, apate digrii aende zake. Sisi twasema hapana! Wale wa 1966 walijisemea wao wenyewe. Wale wa 1978 walisema jambo la mkulima na mfanyakazi, na kuwafukuza kulikuwa kosa. Mizani ni hiyo: je, msomi anasema na kutenda kwa ajili ya nani?

Basi mwanafunzi wa leo afanye nini?

Kwanza, aanzie chuoni. Serikali ya wanafunzi, DARUSO, si mchezo wa watu wachache wapendao kuitwa waheshimiwa. Ndiyo inayopeleka kwa wakubwa shida za mikopo, mabweni na mitihani. Asiyepiga kura, asiyehudhuria mkutano, asiyeuliza fedha zimekwenda wapi, asilalamike baadaye. Anayejifunza leo kudai hesabu za chama cha wanafunzi ndiye atakayejua kesho kudai hesabu za halmashauri.

Pili, aujue mtaa anaolala. Wanafunzi wengi wamepanga vyumba Changanyikeni, Msewe, Makongo na Ubungo. Ni wangapi wanaomjua mwenyekiti wa mtaa wao, isipokuwa siku ile wanapotaka barua yake? Mkutano wa mtaa ukiitwa, na aende. Tena asiende kuhutubia. Aende kwanza kusikiliza: habari za taka, za maji, za njia inayokatika kila masika. Akishasikiliza, ndipo atoe shauri.

Tatu, atumie alichofundishwa. Tangu miaka ya 1960 wanasheria wa Mlimani wamekuwa wakitoa msaada wa sheria kwa watu wasioweza kumlipa wakili. Huo ni mfano mzuri. Mwanafunzi wa ualimu anaweza kukaa na watoto wa shule ya kata jioni moja kwa wiki akawafundisha hesabu. Wa uhandisi anaweza kuwaonyesha majirani mtaro upite wapi. Na asiye na ujuzi bado, damu anayo: mwanamume mwenye afya njema aweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mama aliyepoteza damu katika uzazi hatauliza mchangiaji alipata daraja gani.

Nne, asikigeuze kijiji chake mahali pa kupumzikia tu. Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida huitwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanapopasa kusomwa mbele ya watu. Likizo ikiangukia siku hiyo, kijana aliyesoma hesabu akae na wazee, azifuate tarakimu moja moja, na panapo shaka aulize kwa adabu.

Tutajibiwa kwamba masomo yanabana na mkopo hautoshi. Ni kweli, na hatumwambii mtu aache darasa. Twaomba saa mbili tatu kwa wiki, ambazo wengi huzipoteza barazani au katika simu. Na kwa wakuu wa vyuo na viongozi wa nchi twasema hivi: msimwite kijana kuitumikia jamii kisha mkamwona adui anapouliza swali. Mikono na mdomo ni vya mtu mmoja.

Wazee wetu walisema elimu bila amali ni kama nta isiyo asali. Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, inajua kudai fedha zake. Mkopaji akiajiriwa, hukatwa katika mshahara. Lakini liko deni jingine, la kabwela aliyelipa kodi kwenye chumvi na mafuta ya taa ili mtoto wa mwenzake asome. Deni hilo halina bodi ya kulikata. Hulipwa na mwenye utu tu, tena huanza kulipwa kabla ya digrii, si baada yake.

Wasomi, shukeni Mlimani!