Kwelea waliopuliziwa sumu si kitoweo

Mzazi mwenzangu, kwelea kwelea wakivamia mpunga wa Mbarali, hupuliziwa fenthioni kutoka angani jioni wanapokwenda kulala. Asubuhi wamelala chini tele, na watu hubeba viroba. Naelewa, nyama ni ghali. Lakini usiwapike. Ukiuziwa waliokwisha nyonyolewa hapa Ilomba, uliza walinaswaje: kwa wavu au kwa dawa? Jibu likisitasita, acha.

Fenthioni ni kiuatilifu cha majimaji ya mafuta chenye salfa, harufu yake inakaribia kitunguu saumu. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, ila kwenye mafuta huyeyuka sana. Ndiyo maana kumsuuza kwelea hakutoshi, na moto wa jiko usiutegemee. Kumnyonyoa kwa mikono mitupu nako ni hatari, kwani sumu hii hupenya ngozi.

Mwilini huzuia kimeng'enya kinachotuliza mawasiliano ya neva. Mtoto hutokwa mate, machozi na jasho, mboni za macho husinyaa, anatapika, anaharisha, misuli inachezacheza, kisha pumzi inabana. Dalili zinaweza kuchelewa, hivyo "mbona jana alilala vizuri" isikupumbaze.

Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe uvae glavu. Anayehema kwa shida usimcheleweshe kwa kuoga. Usimpe maziwa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na useme wazi amekula nini. Atropini ipo kwa ajili hiyo, lakini daktari asiyeambiwa hupoteza muda akikisia. Hatutakugombeza.