Kabla ya Kuchagua Ufuo, Uliza Mwezi Una Siku Ngapi

Anayetaka kuzuru fuo za Kenya kwa gari, kutoka Shimoni hadi Mambrui, huanza kwa kutafuta picha. Mimi ninamwomba aanze na swali ambalo kila mvuvi wa mwambao huu hulijibu papo hapo: leo mwezi una siku ngapi? Jibu hilo litamwambia bahari itakuwa wapi atakapofika, kama ataogelea au atatembea juu ya mwamba mkavu, na kama ile samawati aliyoiona kwenye simu itakuwepo.

Nimezaliwa Gazi, Kaunti ya Kwale, mtoto wa mvuvi wa malema, na kwa miaka mingi nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za huku kwetu. Likizo ya Desemba ikikaribia, jamaa wa bara hunipigia simu. Shemeji yangu wa Nakuru hutuma picha: "Shem, hapa ni wapi? Sisi tunataka hapa hapa." Mara nyingi ni mahali nipajuapo, na picha yenyewe ni ya kweli. Ila ilipigwa saa fulani ya siku fulani ya mwezi, naye anapanga kufika saa nyingine kabisa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja, ikawa bamvua. Hapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3 mjini Mombasa. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi.

Jambo ambalo msafiri haambiwi ni kwamba bamvua ya mwambao wetu ina saa zake. Maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo yamejaa, saa kumi ndipo yamepwa. Sasa fikiria familia iliyoamka vizuri, ikala chai, ikashuka ufuoni saa nne asubuhi siku ya bamvua. Itakuta bahari imerudi nyuma mpaka kwenye mwamba, na mbele yake ni vidimbwi, majani ya bahari na mashua zilizolala ubavu. Watoto watauliza maji yako wapi, na baba atasema huu si ufuo alioonyeshwa. Laiti wangeshuka saa nane, wangeyakuta maji yanaingia.

Angalia sikukuu zetu. Idd-ul-Fitr huangukia mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka huja na bamvua. Maelfu ya watu humiminika Pirates, yaani Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, na wanaowahi asubuhi hukuta maji yamekimbia. Idd ya kuchinja huwa mwezi kumi, siku za maji mafu, na asubuhi hiyo maji yamejaa vizuri kwa watoto. Wazee wetu walilijua hilo bila kufungua kitabu. Krismasi haifuati mwezi, basi kila mwaka ina maji yake, na ndiyo sababu ushauri wa aliyekuja mwaka jana haumfai anayekuja mwaka huu.

Ukishajua maji, ndipo kila ufuo unapokupa kilicho chake. Anza kusini. Shimoni na Kisiwa cha Wasini nendeni asubuhi ya bamvua. Boti za kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti hutoka asubuhi, na maji yakipwa, ule msitu wa matumbawe ya kale pale Wasini husimama mkavu. Mnaupita juu ya daraja la mbao linalosimamiwa na akina mama wa kisiwani. Saa hiyo hiyo mtawaona watu wa kijiji wakiwa mwambani wakitafuta pweza. Huo ndio uzuri wa maji kupwa, na wengi huukosa kwa sababu wameshaamini kwamba bahari nzuri ni ile iliyojaa.

Gazi, kwetu, si mahali pa kuogelea. Ni mahali pa kusimama kwa saa mbili na kutembea juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, maji yakiwa yamejaa chini yenu. Hapa wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unaouza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Mapato yake yamesaidia maji na shule. Ninaamini safari ya pwani isiyopita kwenye mikoko imepungukiwa, kwa kuwa samaki wengi wanaoliwa hotelini hukulia kwenye mizizi hiyo.

Diani inastahili sifa yake. Mchanga wake mweupe ni mabaki ya matumbawe na chaza, na sehemu yake husagwa na pono, samaki anayetafuna mwamba akila kisha akautoa ukiwa unga. Ndiyo maana hauchomi nyayo sana hata jua la mchana likiwa kali. Lakini Diani ya bamvua saa kumi alasiri huwa na mchanga mwembamba mno. Pengine maji yanagonga kuta za hoteli, na anayetaka kutembea kilomita kadhaa hana pa kupita. Kutembea ni asubuhi, kuogelea ni baada ya saa saba. Siku za maji mafu fanya kinyume.

Tiwi iko jirani tu, ng'ambo ya mdomo wa Mto Mwachema, penye mibuyu na Msikiti wa Kongo. Wengi huipita kwa sababu njia yake ni ya vumbi. Maji yakipwa, miamba ya Tiwi hubakiza madimbwi ya maji safi ya kuogelea, na mojawapo watu huliita Africa Pool kwa umbo lake. Hapo ninasisitiza saa kuliko mahali pengine popote. Nenda maji yakiwa yanaendelea kupwa, na uondoke mara yanapogeuka, kwa sababu yakijaa hukufungia njia kati ya bahari na jabali. Mdomo wa mto nao usiuvuke wala kuogelea hapo maji yanapotoka. Vivyo hivyo kwenye milango ya mwamba: maji yanayopwa hupita pale kwa kasi isiyojali umejifunza kuogelea wapi.

Zamani wageni kutoka Nairobi waliiepuka kusini kwa kuhofia foleni ya feri ya Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inawafikisha Kwale bila kuingia kisiwani Mombasa. Kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha.

Kaskazini ya Mombasa, swali la pili huja juu: upepo ni upi? Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri kuliko yote kwa anayetaka maji maangavu. Kusi huanza baada ya hapo na kuendelea hadi Septemba, ukija na masika, mawimbi makubwa na majani mengi ya bahari yanayotupwa mchangani. Kisha Oktoba na Novemba upepo hutulia, huo tunauita matlai. Anayeteleza juu ya maji akivutwa na tiara atafurahia kusi na kaskazi vilevile. Mama mwenye watoto wadogo atafurahia matlai. Wote wawili wako sawa, ila wasipewe ushauri mmoja.

Bofa, Kilifi, ni ufuo mrefu mweupe unaofaa watu wanaotaka utulivu. Watamu ni mahali pa maji kupwa. Hifadhi yake ya bahari, pamoja na ile ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika, na ulinzi huo unaonekana: samaki hawakimbii. Maji yakitoka, vilima vya mchanga hujitokeza baharini na watu hutembea hadi huko, na vile visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa chini na mawimbi huweza kuzungukwa kwa miguu. Ila usikanyage matumbawe yaliyo hai. Hukua polepole, na mguu mmoja hufuta kazi ya miaka. Jioni, nenda kwenye hori ya Mida Creek, iliyo dakika chache tu kwa gari.

Malindi ndiyo inayoonewa zaidi na picha. Mgeni hufika Desemba, akaona ghuba ya kahawia, akasema mji umechafuka. Kahawia hiyo ni udongo. Mto Athi unaoanza karibu na Nairobi huungana na Tsavo ukawa Galana, na chini ukaitwa Sabaki, ukimwaga baharini kaskazini kidogo ya mji. Mvua za vuli hushusha udongo wa mashamba ya bara, na kaskazi huyasukuma maji ya Sabaki kusini hadi kwenye ghuba. Matumbawe hayapendi matope wala maji matamu, ndiyo maana ghuba ya Malindi haina mwamba wa kuikinga na mawimbi huingia mpaka mchangani. Msafiri anayetaka mawimbi atafurahi hapa kuliko Diani. Na anayetaka mchanga wa ajabu avuke daraja la Sabaki aende Mambrui, ambako mto umejenga vilima vya mchanga wenye chembe zinazometa kama dhahabu. Rangi ya maji ya Malindi inatukumbusha pia kwamba anayelima mlimani bila matuta huko bara anamwaga shamba lake juu ya samaki wetu.

Hayo ni maji na upepo. La tatu ni njia, na hapa sina maneno ya kulainisha. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule si wa hoteli wala si wa mwenye jumba. Ni wangu, ni wako, ni wa shemeji wa Nakuru. Lakini haki ya mchanga bila njia ya kuufikia ni haki ya maandishi tu. Vichochoro tulivyopita utotoni tukiwa na vikapu vya samaki vingine leo vina geti, na mlinzi ananiuliza mimi mzawa wa hapa ninaenda wapi. Ukiendesha gari kutoka Diani hadi Malindi utaona ukuta baada ya ukuta, na bahari unaisikia tu. Mwenye pesa za kulipia chumba anapita. Mvuvi, mwalimu na familia iliyokuja na chakula chake kwenye gari wanazungushwa.

Kwa hiyo, ninapomchagulia mtu fuo, huzipa nafasi ya mbele zile zenye njia ya wazi na bandari ya wavuvi. Penye wavuvi pana mtu wa kuulizwa habari za maji, pana samaki wa kununua bila dalali, na pana macho ya kuwatazama watoto wakiwa majini. Pesa ya mgeni huishia mkononi mwa mwenyeji. Ufuo uliofungwa unaweza kuwa na mchanga mzuri zaidi, lakini kwangu mimi hauingii kwenye orodha.

Kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zinaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa. Kila penye njia ya umma, wekeni ubao unaoonyesha njia inaanzia wapi, na chini yake saa za maji kujaa na kupwa kwa wiki hiyo. Jedwali la maji huchapishwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya; kazi iliyobaki ni kuliandika kwa Kiswahili mahali ambapo mtu analihitaji. Na vichochoro vilivyofungwa vipimwe upya, vifunguliwe, viandikwe kwenye ramani ya kaunti ili visifungwe tena mwekezaji mwingine atakapokuja. Kutoa vibali vya hoteli mpya bila kulinda njia ya zamani ni kuuza kitu ambacho kaunti haikimiliki.

Nawe msomaji unayepanga kuja, kabla hujalipia chumba fanya mambo matatu. Tazama mwezi uko siku ya ngapi, ujue saa utakazopata maji. Uliza upepo ni kaskazi au kusi. Kisha uliza kama kuna njia ya umma ya kufika ufuoni. Kama haipo, peleka pesa zako kwenye ufuo unaofuata.