Mwachie mtoto usukani

IKIWA kwako kuna mtoto anayejifunza kuendesha baiskeli, huenda umewahi kukimbia kando yake huku umeukamata usukani kwa nguvu asije akaanguka. Nia yako ni njema, lakini mkono huo ndio unaomwangusha.

Wengi wetu tuliambiwa kwamba baiskeli husimama wima kwa sababu magurudumu yake yanazunguka, mithili ya pia wanayoichezea watoto uani. Maelezo hayo yanavutia, ila hayatoshi. Mnamo 1970, Mwingereza David Jones alifunga gurudumu jingine kando ya lile la mbele, akalizungusha kinyume ili nguvu hiyo ya pia ifutike. Akapanda, akaenda zake! Mwaka wa 2011, wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walitoa matokeo ya baiskeli ndogo iliyoondolewa nguvu hiyo. Ikisukumwa tu, bila mtu juu yake, ilijinyoosha yenyewe kila ilipotaka kuanguka.

Siri ni nini, basi? Baiskeli ikiinama kushoto, usukani nao hugeuka kushoto. Magurudumu hukimbilia upande ule ule inakoangukia, yakarudi chini ya uzito wa mwendeshaji. Jaribu kusimamisha ufagio kwenye kiganja: ukiinama, mkono huufuata. Ukiufunga usukani usigeuke kabisa, hata bingwa wa mbio ataanguka. Mwendo wa polepole nao husumbua kwa kuwa magurudumu huchelewa kufika yanakohitajika.

Kwa hivyo, mzazi, mshike mwanao mabegani, si usukani. Afadhali zaidi, mwambie fundi afungue pedali zote mbili (ile ya kushoto, usishangae, hulegea ikizungushwa kuelekea kulia) na ashushe kiti hadi nyayo za mtoto zikanyage chini. Mpeleke kwenye nyasi penye mteremko kidogo, mbali na magari na matatu. Asukume kwa miguu, kisha aiinue na kuserereka. Akishaweza kuserereka hatua ishirini hivi bila kukanyaga chini, rudisha pedali.

Na atakapoanza kutumwa dukani, mfuko wa unga usining'inie kwenye usukani. Ufungwe nyuma, kwenye keria.