Mkonge Ghafi, Sauti Ghafi

Historia ya hip-hop ya Tanzania inavyosimuliwa, utadhani nchi nzima ilikuwa inaishi kati ya Temeke na Kinondoni. Tunaanza na Saleh Jabir na shindano la Yo Rap Bonanza mwaka 1991, tunapita kwa Kwanza Unit, tunafika kwa P-Funk Majani na Bongo Records, Master Jay na MJ Records, tunafunga daftari. Mikoa inatajwa kama mahali alikozaliwa msanii, basi. Mimi ni mtu wa Tanga, na nasema simulizi hiyo ina kasoro. Silalamiki kwa wivu wa mikoa. Nalalamika kwa sababu simulizi hiyo inaficha swali la nani alimiliki nini.

Chukua Motika Records. Abel Motika, ambaye nchi nzima ilimjua kama Mr. Ebbo, alipata jina mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wimbo wa Mi Mmasai. Watu walicheka lafudhi, wakacheka lubega na rungu. Lakini mchekeshaji huyo alifanya jambo zito: aliweka studio yake Tanga na kuipa jina la ukoo wake. Alipofariki Desemba 2011, wengi walimlilia mchekeshaji. Mwenye studio alipata machozi machache.

Kwa nini studio ya mkoani ni jambo zito? Fikiria kijana wa Ngamiani wa miaka ile mwenye wimbo kichwani. Anatafuta nauli ya basi, kilomita kama 350 hadi Dar. Analala kwa shangazi. Analipia studio kwa saa, anasubiri prodyuza awe na nafasi. Kazi ikiisha, anaipeleka Kariakoo kwa msambazaji wa kaseti. Hapo mara nyingi analipwa fedha ya mara moja, na masta inabaki huko huko. Rafiki yangu mmoja alipitia njia hiyo. Alisaini karatasi juu ya kaunta, nakala hakupewa, na alipozungushwa mara ya tatu akarudi nyumbani kuuza mitumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, na COSOTA ikaundwa kwa sheria hiyo hiyo. Lakini sheria inauliza karatasi, na karatasi ilibaki kwenye droo ya mwenye duka.

Sisi watu wa Tanga tunaujua mchezo huu kabla ya kompyuta na kipaza sauti. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa iliondoka kama nyuzi, ikasokotwa kamba ng'ambo, na faida ya kusokota ikabaki kwa msokotaji.

Muziki ukafuata njia ile ile. Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vilivyobadilisha sikio la mwambao mzima, vilikuwa vya hapa hapa Tanga. Lakini sahani zao zilitolewa na Mzuri, lebo ya Assanand wa Mombasa, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ikazikusanya kwenye albamu ya Nyota. Nashukuru zimehifadhiwa. Ila nauliza: kwa nini nyimbo za Tanga zipite Mombasa na London ndipo ziitwe hazina?

Najua nitajibiwa kwamba studio si lebo. Ni kweli. Lebo inasaini, inasambaza, inatunza masta. Lakini tuwe wakweli: nchini mwetu neno "Records" mara nyingi lilianza kama chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Kama chumba cha Dar kinaitwa msingi wa tasnia, cha Tanga kwa nini kiitwe hobi ya msanii?

Nitajibiwa pia kwamba Ebbo alikuwa Mmasai, Tanga alikuja tu. Hilo ndilo jibu dhaifu kuliko yote. Tanga ya mkonge ilijengwa na manamba waliotoka kila upande. Tungewafukuza wageni katika historia yetu, tungebaki na bandari na minazi. Wagosi wa Kaya waliuliza Tanga Kunani, na nchi nzima ikaimba nao swali hilo. Mimi naona mtu anayefunga mashine mjini hapa na kusema "rekodini hapa" amelijibu kwa kiasi chake.

Kwa hiyo sidai sanamu wala mtaa upewe jina. Nadai kazi ya kawaida. Waliorekodi Motika, na katika vyumba vingine vya mji huu, wengi wako hai. Waulizwe nani alirekodi, alilipa nini, alipewa karatasi gani, masta iko wapi. Makumbusho ya Urithi, pale Boma la Wajerumani, yanatunza picha za Tanga ya zamani. Yatunze na sauti za Tanga ya juzi. Na ifanyike upesi, maana kompyuta za enzi zile zinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na hakuna anayefungua diski kuangalia kilichomo kabla ya kuiweka kwenye mzani.