UCHAMBUZI: Jina ni la kukodi, hasara ni ya mwenyewe

WAKENYA wengi wanaopokea kiinua mgongo baada ya kustaafu, au wanaofaulu kupata mkopo kutoka kwa chama cha akiba na mikopo, huvutiwa na biashara ya chakula. Miongoni mwao wapo wanaoona ni salama zaidi kufungua tawi la mkahawa ambao jina lake tayari linafahamika kuliko kuanza na jina lisilojulikana na yeyote.

Tamaa hiyo imechochewa na kuenea kwa mikahawa ya kimataifa humu nchini. KFC ilifungua mkahawa wake wa kwanza jijini Nairobi mnamo 2011. Domino's Pizza na Cold Stone Creamery zikafuata mnamo 2014, kisha Burger King mnamo 2016. Kampuni za humu nchini nazo zimeanza kuiga mtindo huo wa kukodisha jina, unaojulikana kama franchaizi.

Chini ya mpango huo, mwekezaji hulipa ada ya kuingia, kisha akawa akitoa mrabaha kila mwezi kwa mwenye jina. Naye hupewa nembo, mapishi, mafunzo na orodha ya wauzaji wa bidhaa anaoruhusiwa kununua kwao. Asichopewa ni mtu wa kumlindia pesa zake. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hulijibu kwa pupa: je, mwenye mali asimamie mkahawa mwenyewe au aajiri meneja?

Jambo la kwanza kuzingatia ni kwamba mara nyingine swali hilo hujibiwa na mkataba. Nchini Marekani, kampuni ya Chick-fil-A haimkubali mwekezaji anayetaka kuketi nyumbani huku wengine wakimfanyia kazi. McDonald's pia inajulikana kwa kusisitiza kwamba anayepewa mkahawa ajitose mwenyewe katika uendeshaji wake. Nazo kampuni nyingine humtaka mwekezaji amtaje meneja ambaye atapewa mafunzo na kuidhinishwa kabla ya milango kufunguliwa.

Kenya haina sheria mahususi inayosimamia franchaizi. Afrika Kusini, kwa upande mwingine, humpa mwekezaji siku 10 za kazi za kujiondoa bila adhabu baada ya kutia saini. Mkenya hutegemea yaliyoandikwa katika mkataba wake. Hivyo basi, wakili anapaswa kuusoma mkataba huo kabla ya pesa kutolewa, wala si baada ya mzozo kuzuka.

Jambo la pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mkahawa wa kuku na chipsi unaouza bidhaa za Sh1.5 milioni kwa mwezi. Kuku, viazi, mafuta na vifungashio vinagharimu Sh570,000, yaani asilimia 38 ya mauzo. Kodi ya jengo ni Sh180,000 na mishahara ya wapishi, makeshia na wahudumu ni Sh250,000. Mrabaha wa asilimia sita ni Sh90,000, na mchango wa matangazo wa asilimia tatu ni Sh45,000. Umeme, gesi, maji, leseni na mengineyo ni Sh165,000. Kinachosalia ni Sh200,000.

Meneja akilipwa Sh90,000, gharama yake hukaribia Sh97,000 baada ya kuongezwa mchango wa mwajiri kwa hazina ya NSSF na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Kinachobaki ni Sh103,000. Iwapo mkopo unadai Sh80,000 kila mwezi, mwenye mkahawa ataondoka na Sh23,000 pekee.

Sasa tuseme meneja huyo si mwangalifu. Vipande vya kuku vinaungua, mafuta yanamwagwa kabla ya wakati na chakula kinatolewa bure kwa marafiki. Gharama ya bidhaa ikipanda kutoka asilimia 38 hadi 40 tu, Sh30,000 zitapotea, na faida ya Sh23,000 itageuka kuwa hasara ya Sh7,000. Hakuna aliyevunja kufuli wala kuiba sanduku la pesa. Ni Sh2 tu zilizovuja katika kila Sh100 za mauzo.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo yaweza kumwonya anayetaka kuacha kazi ili asimamie mkahawa. Ikiwa mshahara anaobaki nao ni Sh130,000, ataupoteza ili kuokoa Sh97,000 za meneja. Kila mwezi atakuwa amepungukiwa na Sh33,000, mbali na kupoteza bima na malipo ya uzeeni. Kwake yeye, kuacha kazi kutakuwa na maana tu ikiwa uwepo wake utaongeza mauzo au kuzuia uvujaji unaozidi kiasi hicho.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalitambui mapema. Kwa kawaida mrabaha hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Mwenye jina hupata fungu lake hata mwezi ambao mwekezaji amekula hasara. Kwa hivyo, mwenye jina hujali zaidi mauzo kupanda, huku mwekezaji akijali kinachobaki mfukoni. Meneja anayelipwa bakshishi kwa msingi wa mauzo pekee atavutika upande wa mwenye jina. Atapunguza bei kiholela, ataagiza bidhaa kupita kiasi na kuongeza zamu za wafanyakazi. Ni bora marupurupu yake yategemee faida baada ya kuondoa uharibifu, bila kusahau usafi na malalamishi ya wateja.

Isitoshe, hata mwenye mali akisimamia mwenyewe, hatakuwa na uhuru wa kufanya apendavyo. Mnamo Januari 2022, KFC iliishiwa na chipsi humu nchini kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilichelewa. Wakenya walighadhabika, wakiuliza ni vipi mkahawa ukose viazi ilhali wakulima wa Nyandarua wanahangaika kutafuta soko. Jibu lilikuwa kwamba wauzaji sharti kwanza waidhinishwe kwa viwango vya kampuni hiyo duniani. Mtu mwenye vipawa vya ubunifu, anayetaka kubadilisha mapishi na bei kila wiki, huenda akajikuta mfungwa katika biashara yake mwenyewe. Huyo yafaa aanzishe mkahawa wa jina lake.

Lakini hatari kubwa zaidi haipo katika kusimamia mwenyewe wala katika kuajiri meneja. Ipo katika njia ya tatu, ambayo ni ya kumwachia mkahawa ndugu au rafiki asiye na ujuzi, bila mkataba, kisha kuuendesha kwa simu. Wakenya wengi walio ughaibuni wanaijua njia hii. Ndugu huyo hawezi kuulizwa hesabu bila jamaa nzima kuingilia kati, wala hawezi kufutwa bila uhasama. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayeamua kuajiri meneja anapaswa kwanza kujenga daftari hilo. Kuku mmoja hukatwa vipande vinane au tisa. Hivyo, idadi ya kuku waliotoka kwenye friza sharti ilingane na vipande vilivyouzwa, vilivyoharibika na vilivyosalia. Hesabu hiyo ifanywe kila usiku. Anayeagiza bidhaa asiwe ndiye anayezipokea na kuzilipia. Malipo ya M-Pesa yaingie katika akaunti ya biashara, na nambari iliyobandikwa kaunta ikaguliwe mara kwa mara, maana hila ya mfanyakazi kuweka nambari yake si ngeni.

Aidha, sheria haimwachilii mwenye mali eti kwa sababu hakuwapo. Wanaoshughulikia chakula wanahitajika kupimwa afya kila baada ya miezi sita, na maafisa wa kaunti wakipata kasoro, ni mkahawa utakaofungwa. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu. Anayemtimua meneja kwa hasira anaweza kuamriwa kumlipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hicho ni kiasi kinachoweza kuumeza mtaji. Ndiyo maana kipindi cha majaribio, ambacho sheria inaruhusu kiwe cha hadi miezi sita mwanzoni, kina umuhimu mkubwa.

Kwa mwekezaji mwenye tawi moja na mkopo unaodaiwa, njia yenye busara ni kusimamia mwenyewe katika miezi ya kwanza, hata ikibidi achukue likizo bila malipo. Akae kaunta, apokee kuku alfajiri na ahesabu stoo usiku. Atajua uharibifu wa kawaida ni upi na uliozidi ni upi. Meneja akija baadaye, atamkuta mwajiri asiyedanganyika.

Mwenye matawi mawili au matatu hana budi kuajiri, kwani mshika mbili moja humponyoka. Naye ambaye mkahawa wake hauwezi kumlipa meneja na bado kubakisha faida anafaa kulitambua hilo kabla ya kutia saini. Huyo hatakuwa amenunua biashara bali ajira, na ameilipia kwa akiba ya maisha yake.