Kabla mtoto hajapanda pikipiki, kagua haya

Asubuhi ya siku ya shule, barabara ya Pasiansi iendayo uwanja wa ndege hujaa pikipiki zenye abiria waliovaa sare. Nyingine ni za bodaboda wa kijiwe cha mtaani, nyingine ni za baba au mjomba anayempitisha mtoto shuleni kabla ya kwenda kazini Kirumba au mjini. Si ajabu kukuta pikipiki imepambwa kwa stika na taa za rangi huku haina kinga ya eksozi, kifuniko cha cheni wala kofia ngumu ya abiria.

Mzazi, wiki hii tuzungumzie fedha kidogo inayotengwa kwa ajili ya pikipiki ya familia, na mambo unayoweza kuyakagua mwenyewe hata kama hujawahi kushika spana.

Tuanze na umri. Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki za mwaka 2010 zinakataza kumpakia mtoto aliye chini ya miaka tisa, na zinaruhusu abiria mmoja tu. Kwa hiyo mishikaki ya watoto wawili au watatu ni kosa, hata kama dereva ni jirani mnayeaminiana. Mtoto wa chekechea au darasa la kwanza ni afadhali atembee na kundi la wenzake wakiwa na mtu mzima, au apande daladala na mkubwa wake.

Kwa aliyefikisha umri, kuna kipimo kingine rahisi. Mkalishe kwenye kiti pikipiki ikiwa imezimwa. Nyayo zake zikanyage vikanyagio vya abiria bila yeye kuteleza pembeni. Miguu ikining'inia, huyo bado hajafika kimo cha kupanda, kwa sababu mguu unaoning'inia ndio unaoingia kwenye spoku.

Kinga za kufunga kwanza

Jeraha la spoku ni baya. Gurudumu la nyuma linapozunguka hunasa kisigino au kifundo cha mguu, likachuna ngozi na wakati mwingine kuvunja mfupa. Nyama ya kisigino ni ndogo na hupona polepole, hivyo mtoto anaweza kukosa shule kwa wiki nyingi. Kinga yake ni wavu wa chuma au bati linalofungwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza. Mwambie asiache ncha kali, na alifunge kwa bolti kwenye fremu ili lisicheze na kugusa tairi.

La pili ni kinga ya eksozi. Pikipiki nyingi za hapa kwetu, kama Boxer na TVS, zina eksozi upande wa kulia na cheni upande wa kushoto. Eksozi huendelea kuwa ya moto kwa muda baada ya injini kuzimwa, na mguu mtupu wa mtoto aliyevaa kaptula au sketi huungua kwa kugusa mara moja tu. Kama kile kibati cha kukinga joto kiling'olewa au kimelegea, kirudishwe.

Mfundishe mtoto kupanda na kushuka upande wa kushoto. Huko yuko mbali na eksozi, na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, anashukia pembezoni mwa barabara badala ya katikati ya magari.

Hata hivyo, upande huo ndiko iliko cheni, kwa hiyo kifuniko chake kiwepo. Kanga, baibui, mtandio na kamba za begi hunaswa na cheni au gurudumu na kumvuta abiria chini. Kabla ya kuondoka, nguo ikusanywe na kukaliwa, na begi lifungwe vizuri mgongoni.

Bampa nalo lina kazi yake. Pikipiki ikilala, bampa hubeba uzito ambao ungeangukia mguu wa dereva. Lisiwe pana kupita kiasi, maana likinasa kwenye pikipiki nyingine au ukingo wa daraja, ndilo litakalowaangusha. Jueni pia kwamba bampa halimkingi sana mtoto aliyekaa nyuma.

Kofia ngumu

Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha kununua dukani kwa ajili ya pikipiki chenye faida inayokaribia hiyo.

Lakini kofia lazima imkae. Ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto wa miaka kumi huzunguka, ikamziba macho au ikachomoka anapoanguka. Mvalishe, funga mkanda chini ya kidevu hadi vipite vidole viwili tu, kisha mwambie atikise kichwa. Ikicheza, haimfai. Kofia ya mafundi ujenzi siyo kofia ya pikipiki.

Ndani ya kofia kuna sponji ngumu ambayo hubonyea ili kupokea kishindo badala ya fuvu. Ikishabonyea hairudi. Kofia iliyopata ajali ya nguvu ibadilishwe hata kama nje inaonekana nzima. Gundi na rangi haviisaidii.

Kinamama wengi hukwepa kofia ya bodaboda wakihofia jasho la wengine na mapunye. Hofu hiyo ina msingi. Nunua ya mtoto wako, andika jina lake, aende nayo. Akilazimika kuvaa ya dereva, atangulize kitambaa safi kichwani.

Ukaguzi wa dakika tano

Fanya ukaguzi huu Jumamosi, injini ikiwa imezimwa. Kama mnatumia bodaboda wa kudumu, mwombe mkague pamoja. Kijana mwenye kuijali kazi yake hatachukia.

Breki ya mbele: bana mkono wake kisha sukuma pikipiki. Gurudumu lisizunguke, na mkono usigote kwenye mpini. Madereva wengi huogopa breki ya mbele na kutegemea ya mguu pekee, ilhali ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha. Kwa anayeshuka mteremko na abiria nyuma, breki zote mbili lazima ziwe nzima.

Breki ya nyuma: tazama nati ya kurekebishia. Kama imekazwa hadi mwisho na breki bado ni dhaifu, breki shoo zimekwisha na dawa ni kuzibadilisha. Oili isiguse shoo wala diski.

Tairi: tafuta misumari, nyufa na kashata zilizolika. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, na tairi la nyuma lijazwe kwa kiwango cha kubeba watu wawili kilichoandikwa kwenye pikipiki au kitabu chake. Wakati wa mvua, maji hushusha mchanga na changarawe kutoka kwenye vilima vya miamba hadi juu ya lami. Tairi kipara hapo huteleza kirahisi.

Cheni: bonyeza katikati ya sehemu ya chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo, icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Ikilegea sana huchomoka na inaweza kufunga gurudumu la nyuma ghafla. Ikikazwa sana, cheni na sproketi huisha upesi.

Malizia na taa ya mbele, taa ya breki, indiketa na vioo vyote viwili vya pembeni.

Pikipiki ikiwa nyumbani

Watoto hupenda kusaidia kuosha pikipiki. Wasafishe injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Kufuta cheni huku gurudumu linazungushwa na injini ni njia ya haraka ya kukatwa vidole.

Familia nyingi hulaza pikipiki sebuleni kwa kuhofia wezi. Funga koki ya mafuta, hakikisha hakuna uvujaji, na jiko la mkaa, mshumaa au kibatari visikaribie. Usiwashe injini ndani ya nyumba, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala. Petroli isihifadhiwe kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa; mpeleke hospitali.

Ajali ikitokea

Aliyeungua na eksozi, mwagia jeraha maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, unga, asali wala mafuta.

Mtoto aliyegonga kichwa mchunguze kwa siku nzima hata kama aliinuka na kutembea. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, au akitokwa na damu au majimaji masikioni au puani, mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mwanza tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, na Bugando inayopokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa nzima.

Kama fedha ya mwezi huu haitoshi kwa yote, fuata mpangilio huu: breki na tairi kwanza, kofia ya mtoto ya pili, kinga ya spoku na eksozi ya tatu, kisha bampa. Stika na taa za rangi zisubiri. Na kama breki hazijatengenezwa hadi Jumatatu, mtoto aamshwe mapema, aende kwa miguu.